Mbuzi, tangawizi na Jinja: jinsi ya kujizoeza Kiingereza cha mdomo kwa mashairi ya kuchekesha

Swali hili naulizwa karibu kila jioni baada ya kipindi, watu wakiwa wameshaanza kupanga viti ukutani: "Mwalimu, gazeti la Kiingereza nasoma na naelewa. Lakini nikifungua mdomo naambiwa 'sorry?' Nifanyeje?" Leo anayeuliza ni mama muuza vitenge aliyetoka Bukavu. Jana alikuwa dereva wa lori anayevuka mpaka wa Kenya pale Malaba kila wiki, na juzi kijana wa S.4, mwaka wa nne wa sekondari, anayeogopa usaili. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naliandika ili anayelihitaji alipate bila kunisubiri.

Jibu langu ni hili: chukua shairi fupi la kuchekesha lenye vina, liseme kwa sauti kila siku mpaka mtu mwingine acheke. Nina sababu mbili. Kwanza, tahajia ya Kiingereza hulidanganya jicho, lakini kina hakilidanganyi sikio. Maneno yakiwekwa mwisho wa mishororo yenye kina kimoja, ujue yanalia sawa hata kama herufi zake hazifanani kabisa. Pili, kicheko ni mtihani wa haki. Mtu hawezi kucheka mshororo wa tano kama hakuisikia minne iliyotangulia. Akicheka, umeeleweka. Asipocheka, tutaona chini cha kufanya.

Hapa Uganda Kiingereza kimekuwa lugha rasmi tangu uhuru wa 1962. Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Nililipokea hilo kwa furaha kubwa. Hata hivyo usaili wa kazi, barua za ofisini na mitihani mingi bado ni kwa Kiingereza, na mtu mwenye akili zake timamu huachwa nyuma kwa sababu tu hakusikika vizuri. Niliwahi kupiga simu ofisi moja ya Kampala kumwuliza "manager". Nikaweka uzito katikati, kama tunavyosema meneja, na wa upande wa pili akaniuliza "sorry?" mara tatu kisha simu ikakatwa. Neno nililijua. Nilikosea mahali pa kuweka uzito tu, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kufundisha mapigo kabla ya msamiati.

Utakachohitaji

- Daftari la kurasa 48 na kalamu.
- Simu inayoweza kurekodi sauti. Ya bei ndogo inatosha.
- Kamusi ya Kiingereza yenye kitufe cha sauti. Ikikupa chaguo, chukua sauti ya Uingereza. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.
- Kitu cha kupiga kwa kiganja: jerikani tupu ndilo bora, meza nayo inafaa.
- Msikilizaji mmoja anayeelewa Kiingereza: jirani, mtoto wa shule, au mwenzako wa stendi ya boda.
- Dakika 15 kila siku. Saa mbili za Jumamosi pekee hazifai, kwa sababu ulimi ni msuli na msuli hutaka kazi ya kila siku.

Huhitaji kulipa ada mahali popote.

Hatua ya 1: Anza na mishororo mitano tu

Aina ninayoipendekeza ni limeriki, shairi la Kiingereza la mishororo mitano. Mshororo wa 1, wa 2 na wa 5 hushiriki kina kimoja; wa 3 na wa 4 ni mifupi na ina kina chake. Jina lake hufanana na la mji wa Limerick kule Ireland, na aliyeifanya ipendwe sana ni Mwingereza Edward Lear, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza cha mashairi hayo mwaka 1846. Historia inatosha hapo.

Hili nimelitunga kwa ajili ya wanafunzi wangu, nawe lichukue:

A boda man riding to Jinja
Once carried a goat fed on ginger;
It sneezed on his seat,
It sneezed in the street,
And jumped off the bike like a ninja.

Tahadhari: limeriki nyingi za Kiingereza zinazozunguka ovyo ni za matusi, na tusi lenyewe mara nyingi limefichwa kwenye neno usilolijua. Usikariri shairi ambalo hujalielewa neno kwa neno, halafu ukalisema mbele ya wakwe au kazini.

Hatua ya 2: Lione kabla ya kulisema

Mweleze mtu kisa hiki kwa Kiswahili: kuna mwendesha boda aliyekuwa akienda Jinja, amepakia mbuzi aliyelishwa tangawizi. Mbuzi akapiga chafya juu ya kiti, akapiga chafya tena barabarani, halafu akaruka kutoka kwenye pikipiki kama ninja. Mwone huyo mbuzi na miguu yake iliyofungwa kamba, pua yake inavyowasha. Ukishamwona hutatafsiri tena kichwani wakati wa kusema. Picha itakuongoza na ulimi utafuata.

Usiruke hatua hii. Wengi wanaosahau shairi katikati hawajasahau maneno. Hawakuwahi kumwona mbuzi.

Hatua ya 3: Piga mapigo, usihesabu mizani

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sisi tuliokua na mashairi ya Kiswahili tumezoea mizani, yaani hesabu ya silabi: nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili), na kila silabi inapata haki yake sawa na mwenzake. Hilo ndilo tamu la lugha yetu. Kiingereza hakiendi hivyo. Kina silabi chache zinazopigwa kwa nguvu, na nyingine zinabanwa katikati, zinapita haraka kama abiria waliosongamana kwenye teksi zetu, yaani basi dogo. Ukikisoma kwa mizani, kila silabi sawa, Mwingereza au Mganda aliyezoea Kiingereza atasikia maneno yako yote lakini hatajua lipi ni muhimu.

Katika mistari hii, herufi kubwa ndizo za kupigwa:

a BOda man RIding to JINja
once CARried a GOAT fed on GINger
it SNEEZED on his SEAT
it SNEEZED in the STREET
and JUMPED off the BIKE like a NINja

Hesabu mapigo: matatu, matatu, mawili, mawili, matatu. Sasa fanya hivi kwa mpangilio:

a) Piga jerikani peke yake bila neno lolote: tatu, tatu, mbili, mbili, tatu. Piga polepole na mwendo uwe ule ule, kama mtu anayetwanga kisamvu.
b) Endelea kupiga, ukisema yale maneno yenye herufi kubwa tu: BO, RI, JIN. CAR, GOAT, GIN. SNEEZED, SEAT. SNEEZED, STREET. JUMPED, BIKE, NIN.
c) Rudia ukiingiza maneno madogo katikati ya mapigo, bila kuruhusu pigo lichelewe hata kidogo. Silabi zikiwa nyingi, zibane. Usimngojee neno "the" afike.

Ukitaka ushahidi kwamba mapigo ndiyo yanayotawala, hesabu mizani ya shairi la mbuzi: 9, 9, 5, 5, 9. Kisha hesabu ya shairi la kuku lililoko hatua ya 8: 8, 8, 5, 5, 8. Mizani zimetofautiana, lakini mapigo ni yale yale na ukiyapiga kwenye jerikani husikii tofauti.

Kosa la kawaida hapa ni kuhamishia uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyofanya karibu kila neno. Mtu husema hos-PI-tal, pa-SSEN-ger, ma-NA-ger. Yote matatu hupigwa mwanzoni: HOS, PAS, MAN. Kila neno jipya unaloliandika kwenye daftari, pigia mstari silabi yake yenye uzito. Usipojua, bonyeza kitufe cha sauti cha kamusi.

Hatua ya 4: Legeza mdomo kwenye maneno madogo

Maneno kama a, the, to, of, for yakiwa kati ya mapigo mawili hayatamkwi kwa irabu kamili. Yanatoka na sauti moja iliyolegea, si a wala e, kama mguno wa mtu anayesita kabla ya kujibu. Kiswahili hakina sauti hiyo, kwa hiyo wengi huiona kama uvivu, lakini ndiyo irabu inayosikika zaidi kuliko zote katika Kiingereza cha kila siku. Iseme bila kuionea haya. Ijaribu kwenye "riding to Jinja": hiyo "to" isilie kama "tu" la kwetu, ipite tu.

Hatua ya 5: Usimalizie neno kwa irabu

Maneno yetu huishia na irabu, na ulimi wetu huiongezea kila neno geni. Goat inakuwa "goti", na msikilizaji wa Kiswahili atafikiri unaongelea goti la mguu. Street inakuwa "sitiriti", silabi nne badala ya moja, na pigo lako limeshaharibika.

Dawa ninayoiamini si kulikata neno kwa nguvu. Ni kuipeleka konsonanti ya mwisho kwenye neno linalofuata likianza na irabu. Sneezed on isemwe kama sneez-don. Jumped off isemwe kama jump-toff, na sikia kwamba ile -ed ya jumped inalia t, wakati ya sneezed inalia d. Huhitaji kanuni ndefu: ukisema haraka na kwa kuunganisha, mdomo wenyewe utachagua.

Kwa street, anza na s ndefu kama nyoka: ssss, kisha treet. Punguza ile s siku hadi siku. Usiweke i kati ya s na t.

Hatua ya 6: Fuata kina, si herufi

Tazama Jinja, ginger na ninja. Moja ni mji wetu kule unakotokea Mto Nile kwenye Ziwa Victoria, la pili ni tangawizi, la tatu limetoka Japani. Herufi hazifanani, lakini kwa matamshi ya Uingereza, ambayo ndiyo Kiingereza cha Uganda kilikoanzia, zote zinalia sawa mwishoni. Ile r ya ginger haisikiki. Ukichagua sauti ya Marekani kwenye kamusi utaisikia r hiyo, na kina kitavunjika. Si kosa lako wala la kamusi.

Sasa zoea jambo moja ambalo litakusaidia miaka mingi. Ukikutana na neno lenye tahajia ya ajabu, usiandike chini yake matamshi kwa herufi za Kiswahili. Andika kando yake mwenzake wa kina unayemjua tayari. Kando ya ginger andika Jinja. Kando ya again andika hen. Kando ya tough andika stuff. Herufi za Kiswahili zitakurudisha kwenye irabu zetu tano, na Kiingereza kina irabu nyingi kuliko hizo.

Haya ni mashairi ya mishororo miwili miwili, kila moja kwa tatizo lake. Chagua lako, usiyafanye yote kwa wakati mmoja.

Kwa anayechanganya ship na sheep:

The man with the chips on the ship
Sold sheep that were cheap on the trip.

I yetu ya Kiswahili inakaribia ile ya sheep na cheap. Ile ya ship, chips na trip ni fupi na imelegea, iko njiani kuelekea e. Yule mama wa vitenge alikuwa akiwaambia wateja kitenge ni "chip", nao wakimtazama wasijue anauza nini. Nilimwomba atumie mali yake mwenyewe: akisema cheap akinyooshe kitambaa kwa mikono yote miwili mpaka sauti iishe, akisema chips akikunje mara moja. Akanyoosha, akakunja, akanyoosha, mezani pale pale mbele ya wateja. Baada ya wiki moja mikono ilikuwa imeufundisha mdomo. Hakuna kitabu kilichowahi kumfanyia hivyo.

Kwa neno bird na ndugu zake:

I heard a small bird say a word;
The word that I heard was absurd.

Heard, bird, word, absurd: ea, i, o, u, na sauti ni moja. Lakini kaa macho na beard, yaani ndevu: inafanana na heard kwa herufi na haifanani nayo kwa sauti.

Kwa ile -ough inayowatesa watu wote:

The bread was so tough that I'd had enough;
I started to cough and the crust fell off.

Mshororo wa kwanza una kina ndani yake, tough na enough. Wa pili nao una chake, cough na off.

Kwa th:

My father and brother both thought
That the third of those things had been bought.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili sanifu ana mali asiyojua kuwa anayo. Th ya thought, third na things ni ile ile ya thelathini. Th ya father, brother, that na those ni dh ya dhahabu na fedha. Kama wewe ni wa "selasini" na "zahabu", kama wengi wetu wa Kampala na mashariki ya Kongo, jizoeze kwanza kwa Kiswahili: toa ncha ya ulimi katikati ya meno useme thelathini mara kumi, kisha uingie kwenye Kiingereza.

Kwa l na r:

The right light was bright last night;
The wrong lamp gave Grace a fright.

Kwenye l, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kukaa hapo. Kwenye r ya Kiingereza ulimi haugusi kitu, na midomo inajikusanya kidogo. Wenzetu waliokua na Kiganda wana kanuni yao nzuri, r baada ya e na i, l kwingineko, kwa hiyo ulimi wao huchagua wenyewe bila kuwauliza. Usimcheke mtu kwa hilo; mpe shairi.

Kuna shairi moja maarufu la aina hii, The Chaos, la Gerard Nolst Trenité, Mholanzi aliyelichapisha mwaka 1920 kuonyesha tahajia ya Kiingereza ilivyo na vurugu. Toleo lake refu lina mistari zaidi ya 200. Watu hulituma kwa wanaoanza kama zawadi, nami naomba mwache. Ni la mwaka wa pili. Anayeanza akilisoma huvunjika moyo kabla ya ukurasa kwisha.

Hatua ya 7: Rekodi usiku, sikiliza asubuhi

Rekodi mara moja tu, usisikilize, ulale. Asubuhi sikio likiwa limepumzika, sikiliza ukitafuta kosa moja. Moja tu. Liandike kwenye daftari, na siku hiyo ulishughulikie hilo. Wanaorekodi mara ishirini kwa mkupuo hujichosha, na rekodi ya ishirini huwa mbaya kuliko ya tatu.

Hatua ya 8: Mpe msikilizaji

Hili ndilo shairi ninalolitumia zaidi kwa hatua hii, kwa sababu kila aliyewahi kupanda teksi kwenye Old Taxi Park, stendi kuu ya Kampala, anaujua ule msongamano wa magunia, watoto na kuku:

A passenger boarding at ten
Sat down on a stranger's fat hen;
The hen gave a shout,
The driver got out,
And nobody saw him again.

Masharti ni manne. Msikilizaji asione maandishi. Wewe usicheke kabla yake. Kabla ya mshororo wa tano, vuta pumzi moja na umtazame machoni. Na neno again lilie na hen na ten, si kama "agein" inayolia na "rain", la sivyo kina kitaanguka na kicheko kitaanguka nacho. Wapo Waingereza wanaoitamka kwa njia hiyo ya pili pia, lakini hapa kina ndicho kinachoamua.

Ukimaliza muulize swali moja: "Where did the driver go?" Akijibu kwamba hajulikani alikokwenda, alikusikia mpaka mwisho. Akikuuliza "Which driver?", ulimpoteza kwenye mshororo wa nne; rudi kwenye jerikani.

Hatua ya 9: Peleka mapigo kazini

Shairi likishakaa ulimini, ng'oa mshororo wake mmoja na ubadilishe maneno, mapigo yakibaki. "A PASsenger BOARDing at TEN" inakuwa "The PASsengers LEAVE here at TEN", na hiyo kondakta anaweza kuisema kila siku. "Sold SHEEP that were CHEAP on the TRIP" inakuwa "This ONE is as CHEAP as the REST." Tafuta sentensi tatu unazozihitaji kweli kwenye kazi yako na uziweke kwenye mapigo hayo. Bila hatua hii utabaki mtu anayesema mashairi vizuri na kuomba kazi vibaya.

Wala usijilazimishe kuongea kwa pua ukiiga Waingereza. Kiingereza cha Uganda kina heshima yake. Ukiwa kwenye teksi ukaambiwa "extend", sogea, usimsahihishe mtu. Tunachotafuta ni kusikika mara ya kwanza tu.

Hatua ya 10: Tunga lako

Anza na neno la mwisho, si la kwanza. Chagua mji unaoujua, tafuta maneno mawili yanayolia nao, ndipo uandike kisa. Kampala ina parlour. Lira ina nearer na clearer. Gulu ina Zulu. Soma orodha kwa sauti kabla ya kuandika, kwa sababu jicho litakuletea vina vya uongo.

Mchekeshe mbuzi, kuku, mvua, au mkate mgumu. Usichekeshe kwa kabila la mtu, ulemavu wake au jinsi anavyotamka. Darasani kwangu hilo halina mjadala, kwa sababu mtu akichekwa mara moja kwa ulimi wake anaweza kunyamaza mwaka mzima.

Mambo yakikwama

*Hakuna anayecheka.* Kwanza mwulize kama alielewa. Kama alielewa na hakucheka, tatizo ni la shairi, badilisha shairi. Kama hakuelewa, mwombe akuambie neno la mwisho alilolisikia vizuri. Tatizo liko kwenye neno linalofuata hapo.

*Nasema vizuri peke yangu, mbele ya watu nakimbia.* Hofu huharakisha. Gonga pigo kwa kidole kwenye paja lako, mahali ambapo hakuna anayeona, na ufuate kidole.

*"Sneezed" inanishinda.* Anza na "knees", magoti. Kisha s mbele yake: sneeze. Ukishazoea, ongeza "on" na uiruhusu d iende huko: sneez-don. Usijaribu kuisema sneezed peke yake kwa wiki ya kwanza.

*Pumzi inaisha katikati.* Unapiga kila neno. Piga matatu tu kwa mshororo mrefu na mawili kwa mfupi, mengine yapite.

*Kamusi mbili zinanipa matamshi mawili.* Huenda moja ni ya Uingereza, nyingine ya Marekani. Chagua moja na ubaki nayo kwa miezi mitatu.

*Watoto wa jirani wananicheka.* Wape kazi. Waambie wapige jerikani wakati unasema, na pigo likipotea wakusimamishe. Mtoto wa P.5, darasa la tano la msingi, ni mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumwona, na baada ya siku chache utamsikia naye analisema la mbuzi akienda kuchota maji.

*Nimekwama kwenye shairi moja wiki ya tatu sasa.* Umeng'ang'ania mno. Liache, chukua la mishororo miwili kutoka hatua ya 6, na urudi kwa mbuzi baada ya siku kumi.